Anayerudisha Maneno Yangu

Jumanne, 25 Novemba

Mvua ya kwanza imepita leo mchana, imelowesha vumbi tu ikaenda zake. Naanza kuandika humu kwa sababu kila nikimweleza mume wangu jambo hili ananiambia nina roho ya korosho. Daftari angalau halinijibu.

Jambo lenyewe linaitwa Renatha.

Mimi ni mfasiri. Hapa Bombambili wanadhani nachapa barua za watu, na nimechoka kuwasahihisha. Nafanya kazi nyumbani, kwenye meza iliyo chini ya bati linalovuja, napokea Kiingereza cha wenye miradi nakigeuza Kiswahili. Kazi niliyonayo sasa ni ya mradi wa utafiti wa lishe ya watoto, ulio na ofisi pale mjini: madodoso marefu, na fomu za ridhaa watakazosomewa akina mama wa Mpitimbi na Namtumbo kabla hawajaulizwa wanawalisha nini watoto wao.

Watafiti wana utaratibu wao. Nikishamaliza, Kiswahili changu kinapelekwa kwa mtu wa pili ambaye hajakiona Kiingereza cha mwanzo, naye anakirudisha kwenye Kiingereza. Ofisi inalinganisha. Kikirudi sawa tunasaini wote wawili, ndipo ankara zetu zinapokelewa. Bila saini yake mimi silipwi, na bila yangu yeye halipwi.

Mtu wa pili ndiye huyo Renatha. Amekuja Songea mwaka huu kutoka Mbinga, ni mdogo kwangu kwa miaka mingi tu, na ananiita dada Lukresia kwa adabu zote. Leo nimemkuta ametoka kwa mhasibu. Tulisaini siku moja, tukapeleka ankara siku moja. Yake imelipwa. Yangu bado imelala kwenye trei, nimeiona kwa macho yangu, juu yake wameweka kikombe.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimerudi kwa Pankrasi, mhasibu. Ni kijana mpole, ila anaongea na watu kama anayesoma kanuni.

"Mama, hapa umeandika, 'Kwa heshima na taadhima naomba mnifikirie malipo ya kazi ndogo niliyoifanya.' Sasa mimi nifikirie nini? Andika unadai kiasi gani, kwa kazi gani, ilipwe lini, na namba yako ya TIN. Angalia ya mwenzako."

Akanionyesha ya mwenzangu. Ina nembo. Ina tarehe ya mwisho ya kulipa, imekolezwa wino. Hakuna naomba hata moja. Nilimwambia sikulelewa kumwambia mtu mzima nilipe kabla ya tarehe fulani. Pankrasi akasema hapa si suala la malezi, mama, hapa ni mfumo.

Nimeiandika upya. Neno naomba nimelirudisha mwishoni, kwa chini, kwa herufi ndogo.

Jumanne, 2 Desemba

Mvua ya maana. Ndoo mbili juu ya meza, kompyuta kitandani.

Jumamosi, 6 Desemba

Leo amekuja nyumbani kwangu. Nilimwona anashuka kwenye bodaboda nikadhani ana shida ya kazi, nikavua kanga ya jikoni upesi. Kumbe hakunifuata mimi.

"Shikamoo dada. Nimemkuta fundi?"

Fundi ni Valeriani, mume wangu. Anachomelea mageti na madirisha hapo uani. Renatha anajenga Mshangano, ameshaezeka, bati za msauzi za rangi ya bluu, sasa anataka geti. Wakakaa kwenye benchi wakichora. Akalipa nusu palepale kwa simu, akataka Valeriani amwandikie risiti kwa mkono, na nusu nyingine akasema ataleta siku ya kuchukua. Akaaga, akaondoka.

"Yule dada ana utaratibu," Valeriani akasema. "Watu wangelipa vile, ningekuwa mbali."

Nikamuuliza mbali wapi. Akacheka, akavaa miwani yake ya kuchomelea. Kwa hiyo geti la Renatha litatengenezwa uani kwangu, nitaliona nikianika nguo na nitaliona nikienda chooni.

Jumamosi, 13 Desemba

Kumbikumbi. Tumekula mpaka tumeshiba. Bado sijalipwa.

Jumatano, 24 Desemba

Wamelipa. Imeingia mchana wa mkesha wa Noeli, wakati maduka ya mbolea yameshafungwa. Nimetuma kidogo kwa mama kijijini, nyingine ada ya mtoto, na bati litasubiri.

Kanisani Renatha alikuwa safu ya mbele amevaa kitenge kipya. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo. Nilisali vizuri tu, ila kila tulipoinuka nilikuwa naangalia kama mshono wa bega umekaa sawa. Umekaa sawa.

Jumamosi, 10 Januari

Nimerudi kutoka Mpitimbi kwenye palizi, mgongo hauna adabu. Niandike ya jana kabla sijasahau, maana ilinikera.

Jana tulikutana ofisini kusaini, tukatoka pamoja, mvua ikatukamata, tukajibanza kwenye kibaraza cha duka la pembejeo. Kwa kuzungumza tu akanieleza kwamba amemgeuzia shangazi yake barua ya hospitali, ya kwenda kwa mtoto wake aliyeko nje, na amempelekea ankara. Shangazi yake mwenyewe, dada yake baba, aliyemlea.

Nikashindwa kunyamaza. "Renatha mdogo wangu, hata shangazi?"

"Hata shangazi, dada. Nimempunguzia, lakini nimeandika."

"Sisi hapa ndugu hatumdai. Hata watu wa kigango cha kanisa wakiniletea barua nawafanyia tu."

"Wanarudi?"

"Wanarudi kila wiki," nikasema, na ni kweli, na wakija hawabishi hata hodi.

Akakamua ncha ya kitenge chake. "Mimi nina kawaida yangu. Mtu nisiyetaka anirudie namfanyia bure, aende zake tumalizane. Ninayetaka tufanye naye kazi tena ndiye namwandikia ankara. Nikimwandikia nimemwambia yeye ni mtu wangu."

Nimekaa na neno hilo shambani siku nzima, kila ninapong'oa jani nalisikia. Maringo gani hayo. Kwamba mtu akikuletea deni ushukuru umependwa.

Jumatano, 21 Januari

Geti limesimama. Bado rangi. Ni zuri, sitasema uongo kwenye daftari langu. Valeriani ameweka maua ya chuma kwa juu ambayo hajawahi kuyaweka kwenye kazi yoyote. Nilipomuuliza akasema mteja alitaka. Mimi nimeishi naye miaka yote hii kwenye mlango wa mbao.

Ijumaa, 30 Januari

Leo nimesikia jambo linalonikosesha raha. Mratibu wa mradi, Dorine, ametuita akatuambia mradi umeongezewa miaka miwili. Kutakuwa na kazi kila mwezi, mkataba wa kueleweka, malipo kila mwisho wa mwezi bila kusukumana. Wanataka watu wawili tu, mmoja wa kutafsiri na mmoja wa kurudisha, wasaini pamoja katikati ya Aprili. Wataangalia kazi hizi za mwisho halafu wataamua.

Miaka miwili ya mshahara kwa mtu ambaye hajawahi kujua mwezi ujao atakula nini. Nilitoka pale nikipiga hesabu. Bati, ada, mama yangu, vyote vinaingia humo.

Halafu nikamwona Renatha amebaki mlangoni anaongea na Dorine kwa Kiingereza, na Dorine anacheka. Mimi Kiingereza nakisoma mpaka kwenye mifupa yake, lakini kukiongea ulimi unakuwa mzito. Kama anaweza kurudisha, kesho anaweza pia kutafsiri, na mimi nitabaki na barua za kigango. Wanaoamua ni akina nani? Kwa nini wasimchukue yeye kwa kazi zote mbili na mtu wake mwingine kutoka hukohuko Mbinga?

Jumanne, 3 Februari

Mvua. Mvua. Mlenda na ugali. Mvua.

Alhamisi, 12 Februari

Dorine ametuonyesha ulinganisho wa dodoso la tatu. Kwa kawaida huwa kuna tofauti, hata nzuri zina tofauti: mimi naandika uji mwepesi, yeye anarudisha kitu kingine, tunakaa tunajadili. Safari hii hakuna. Kurasa zote, Kiingereza chake kimekaa juu ya Kiingereza cha wenyewe kama sahani juu ya sahani.

Kuna swali moja la mtoto aliyeanza kukataa chakula baada ya mdogo wake kuzaliwa. Nilikaa nalo siku nzima. Kwenye Kiingereza lina woga fulani, mwulizaji hataki mama ajione analaumiwa. Niliandika, nikafuta, nikatoka nje nikachuma likolo la nanyungu, majani ya maboga ya mboga ya jioni, nikarudi nikaandika tena. Renatha amelirudisha na ule woga wake wote.

Dorine akasema, "Kazi safi sana." Akawa anamwangalia Renatha.

Mimi nikawaza jambo moja tu. Huyu ameonyeshwa Kiingereza cha mwanzo.

Ijumaa, 13 Februari

Nani kamwonyesha? Faili zote zinapita kwa Pankrasi kabla ya malipo, na Pankrasi naye ni wa Mbinga. Leo jioni nimewaona. Renatha kapakiwa kwenye pikipiki yake, wanashuka kuelekea stendi, wanacheka. Ankara zake zinalipwa upesi. Vitu vinajipanga vyenyewe.

Nimemwambia Valeriani. Alikuwa anapaka geti rangi. Hakugeuka.

"Umemuuliza?"

"Nimuulize ili akane?"

"Umuulize kwa sababu ni mwenzako."

"Wewe unamtetea kwa sababu kakulipa nusu."

Hapo akageuka, akaniangalia, akaendelea kupaka rangi. Kijiba cha roho kinauma mahali hasa, sikujua. Kinauma hapa chini ya mbavu.

Jumatano, 18 Februari

Jumatano ya Majivu. Padri amesema kila mtu aache kitu kimoja kwa Kwaresima. Nimeacha sukari.

Ijumaa, 20 Februari

Nimemwandikia Dorine. Sikumtaja Pankrasi. Nimeandika kwamba kwa heshima na taadhima, kama mfasiri mwandamizi, nina wasiwasi kwamba mrudishaji huenda amepata kuona matini ya mwanzo, jambo ambalo lingeharibu utafiti. Nimeisoma mara nyingi. Kila neno ni la heshima. Nikabonyeza kutuma, nikaenda kunywa chai isiyo na sukari.

Jumanne, 24 Februari

Ofisi imesimamisha malipo yote ya tafsiri mpaka uchunguzi uishe. Yake na yangu. Hilo sikulifikiria, na mimi ndiye niliyeandika humu siku ya kwanza kwamba hakuna anayelipwa bila mwenzake.

Jumanne, 3 Machi

Geti limekamilika wiki nzima sasa, na mwenyewe hajaja. Valeriani amempigia. Akasema, "Fundi nisamehe, hela yangu imekwama ofisini, sijui kuna nini. Naomba univumilie." Hajui. Dorine hajamwambia bado, au amemwambia nusu.

Mvua inapiga geti usiku na mchana. Kwenye maungio ya maua rangi imeanza kutoa machozi ya kutu. Valeriani amelifunika na turubai la kuanikia mahindi, upepo unalivua. Leo nimetoka mara kadhaa kulifunika mwenyewe. Sijui kwa nini nimefanya hivyo, na nilipomwona jirani ananiangalia nikajifanya natafuta kuku.

Jumapili, 8 Machi

Misani Renatha hakuwepo safu ya mbele. Nilimtafuta kwa macho mpaka komunyo.

Alhamisi, 12 Machi

Naandika polepole.

Dorine alituita asubuhi. Tulikuwa watatu, na Pankrasi alisimama mlangoni kama shahidi. Renatha alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba.

Dorine si mtu wa kuzunguka. Akasema kuna malalamiko kwamba mrudishaji anaonyeshwa Kiingereza. Hakusema yametoka kwa nani. Hakukuwa na haja. Songea nzima wanaoijua kazi hii ni sisi wawili.

Renatha hakumwangalia Dorine. Aliniangalia mimi. Halikuwa jicho la hasira, alikuwa kama mtu aliyesikia habari ya msiba na anangoja uthibitishe.

Dorine akasema atafanya jaribio. Aliandika mwenyewe nusu ukurasa wa Kiingereza asubuhi ileile, habari ya mama mmoja na mtoto wake, hakuna aliyekuwa ameiona. Akanipa mimi, akanipeleka chumba cha pili. Nilitafsiri kwa mkono. Nilitaka kuandika vibaya. Acha niandike ukweli: kalamu ikiwa juu ya karatasi nilifikiri, nikiandika ovyo kitarudi ovyo, na shutuma yangu itaonekana kweli. Nikashindwa. Sijui kuandika ovyo, vidole havikubali. Nikaandika kama ninavyoandika siku zote.

Dorine akaichukua, akaichapa, akaichanganya na ukurasa mwingine wa mfasiri wa zamani, zote hazina majina. Akampa Renatha zote mbili, akamketisha mbele yetu, bila simu, bila kompyuta. Mvua ilikuwa inanyesha, bati la ofisi lile halivuji. Tulikaa tukimwangalia anaandika. Ana tabia ya kusogeza midomo anaposoma, kama anaonja.

Alipomaliza Dorine akalinganisha. Akasoma wa kwanza, akakunja uso. "Huu umepotea kabisa. Mwanzo ulisema mama aliacha kunyonyesha kwa sababu alipata mimba. Wewe umeandika aliacha kwa sababu alichoka."

"Imeandikwa alilemewa," Renatha akasema. "Sikujua alilemewa na nini. Nikakisia."

Dorine akachukua wa pili. Akausoma. Akachukua karatasi yake ya asubuhi, akaziweka pamoja. Akampa Pankrasi naye aone. Pankrasi akasoma, akanirudishia macho mimi, si Renatha.

"Na huu mbona hukukisia popote?" Dorine akauliza.

"Huu ni wa dada Lukresia."

"Umejuaje?"

"Tangu nianze kazi hapa namsoma yeye tu." Alikuwa anaongea taratibu, na sasa haniangalii tena. "Dada huyu akiandika, hakuna mahali pa kukisia. Unakiona Kiingereza chini yake, kimetulia. Mimi sifanyi kitu, nakiokota tu. Watu wananisifu mimi narudisha vizuri. Nimekuwa nikipokea sifa zake. Nilidhani mwenyewe anajua."

Niliangalia viatu vyangu, vina tope la Bombambili lote.

Dorine akasema basi limekwisha, malipo yatatoka kesho, na ofisi itatulipa kwa kazi ya asubuhi pia, kila mtu alete ankara. Akasema na mkataba wa miaka miwili ni wetu sisi wawili kama tulivyo, jozi hii hataipata mahali pengine, tusaini kabla ya katikati ya Aprili.

Renatha akasimama, akakunja karatasi yake. "Nitaleta ankara ya ule ukurasa wa kwanza," akasema. "Huu wa dada Lukresia msinilipe. Huu bure."

Dorine akamshukuru, akasema ni uungwana sana. Mimi peke yangu mle ndani nilijua nimeambiwa nini.

Mkataba hakuugusa. Alisema atatafuta mtu mwingine wa kufanya naye.

Ijumaa, 13 Machi

Malipo yameingia asubuhi. Hata naomba sikuwa nimeandika.

Jumamosi, 14 Machi

Guta limekuja kuchukua geti. Renatha hakuja, ametuma nusu iliyobaki kwa simu, na mwenye guta kaja na kamba. Pale liliposimama majani yamekuwa ya njano. Valeriani ameniuliza ninataka mlango wa chuma, kwamba ana vipande vimebaki. Nikamwambia asinitengenezee chochote kwa sasa.

Ijumaa, 20 Machi

Nimejaribu kutafuta mrudishaji mwingine, maana Dorine kasema akija mmoja na mwenzake wa maana ataangalia. Mwalimu mmoja wa sekondari anayeitwa Leo ana Kiingereza kizuri, anakiongea kama redio. Nikampa ukurasa wangu mmoja wa zamani. Umerudi leo. Swali la yule mtoto aliyeanza kukataa chakula amelirudisha hivi: kwa nini ulimnyima mtoto wako chakula. Akina mama wa Mpitimbi wangesimama na kuondoka.

Nimekaa na karatasi ile jikoni. Kwa hiyo anachookota Renatha si kila mtu anakiona kikiwa chini. Alijitoa kwenye hesabu mbele ya watu, nami nikamwacha ajitoe.

Jumatano, 25 Machi

Jirani ameniambia Renatha anafundisha binti mmoja wa Mshangano, Emerensiana, kwamba akimaliza chuo watafanya kazi pamoja. Watu wamewaona wamekaa barazani wanasomeana kurasa. Nimeona wivu mpaka nikaunguza maharage. Nilizoea kumwonea wivu yeye. Leo nimemwonea huyo binti.

Ijumaa, 3 Aprili

Ijumaa Kuu. Mvua zinapungua, mawingu yanakwenda upande wa Namtumbo. Nimeamua nitamwandikia. Kwa simu nitasema ovyo, na uso kwa uso nitalia halafu atalazimika kunibembeleza, ambavyo si haki.

Jumanne, 7 Aprili

Nimeandika barua ukurasa mzima. Kiswahili cha kupendeza, kuna mahali hata mimi nimeguswa. Nimeipeleka kwa barua pepe mchana. Kwa heshima na taadhima haikukosekana.

Alhamisi, 9 Aprili

Amejibu. Hakuandika salamu wala jina. Ameirudisha barua yangu kwa Kiingereza, kama kazi.

Kiingereza chake ni kifupi kuliko Kiswahili changu, nusu yake hivi. Nikikigeuza tena kinasema: Mimi ni mtu wa heshima. Nilikuwa na sababu za kushuku. Kama uliumia, nasikitika kwamba uliumia. Nimehangaika sana kipindi hiki. Muda wa mkataba unakwisha, kwa hiyo tusaini.

Nilikasirika. Nikachukua barua yangu nikaiweka kando ya yake nitafute alipopotosha, mstari kwa mstari, kama Dorine. Nilitafuta mpaka giza likaanza kuingia. Hakupotosha popote. Ameokota kilichokuwa chini.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimeandika nyingine. Nainakili humu yote, haina urefu.

Renatha mdogo wangu. Hukuonyeshwa kitu, na mimi sikuwa na ushahidi. Nilikusingizia kwa sababu nakuonea wivu: nyumba yako, ankara zako, Kiingereza cha mdomoni mwako, na mume wangu kukusifu. Nilijua unaweza kupoteza kazi, nikatuma. Uliposema nilichokuwa nimekifanya vizuri, sikusema ulichokifanya wewe. Mwalimu Leo amejaribu, ameshindwa, ni wewe tu unayeweza. Nisamehe. Mkataba ukitaka usaini na Emerensiana, saini. Lukresia.

Sikuisoma tena. Ningeisoma ningeanza kuipamba.

Jumamosi, 11 Aprili

Jua tangu asubuhi, ndoo zimekauka juu ya meza. Nilikuwa naanika unga, simu ikalia kwamba kuna barua. Mikono ina unga, nikafungua kwa kidole kidogo.

Ameirudisha. Kila neno liko mahali pake, hata neno mdogo wangu amelitafutia njia, na Kiingereza hakina neno hilo. Mwisho ameacha pale pale nilipoacha. Hakuongeza la kwake.

Kulikuwa na kiambatisho. Nikakifungua nikidhani ni mkataba. Ni ankara. Ina nembo, ina TIN, imeandikwa kwa jina langu kamili. Kurudisha tafsiri, kurasa mbili, bei yake ya kawaida, punguzo hakuna. Ilipwe kabla ya kusaini tarehe kumi na tano, imekolezwa wino.

Nilisimama pale uani, penye majani ya njano, nikamkumbuka yule shangazi yake.

Valeriani akanyanyua miwani ya kuchomelea. "Kuna nini? Unalia nini na unga mkononi?"

"Nadaiwa," nikamwambia.

Nimetuma hela saa hiyohiyo, pamoja na ya kutolea.